Je, Maji Yanafika?

Jumamosi ile, alasiri ikiwa imekwisha kuadhiniwa, nilikuwa nimechuchumaa kwenye bomba la uani nyumbani kwa mama mdogo, Tanga, nikiisugua midomo yangu kwa ncha ya kanga. Ndani wanawake walikuwa wanamalizia pilau la harusi, na wengine walishaanza kutandika miswala chumbani. Mimi nilikuwa bado sijatia udhu, kwa sababu rangi ya mdomo niliyoipaka saa tatu asubuhi ilikuwa imekataa kutoka. Nilikuwa nimesugua kwa maji matupu, kisha kwa kipande cha sabuni ya mche kilichokuwa juu ya karo, kisha kwa maji tena. Nilipoitazama ncha ya kanga, ilikuwa haina hata doa. Nilipojitazama kwenye kioo kidogo cha kopo la poda, midomo ilikuwa imevimba na inawaka, na wekundu ulikuwa palepale, umekoza kama ulivyokuwa asubuhi.

Mama mdogo alitokea jikoni na sinia la vikombe. Alisimama, akanitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, ili waliokuwa barazani wasisikie.

"Mwanangu, na rangi hiyo, maji yanafika?"

Hakungoja jibu. Aliweka sinia chini, akaingia ndani, akarudi na mafuta ya nazi kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Nilipoyapaka na kusubiri kidogo, rangi ilianza kujikunja na kutoka vipande vipande, myembamba kama ngozi ya kitunguu. Niliiwahi sala, lakini swali lile nilirudi nalo Dar es Salaam, na kwa wiki sita halikuniacha.

Mkoba kutoka Maskati

Rangi ile ilikuwa sehemu ya mkoba niliotumiwa na dada yangu anayeishi Maskati. Kwa miaka mingi nimetumia lipstiki za shilingi 3,000 kutoka Kariakoo, zile zinazopangwa kwenye meza za vioo pamoja na wanja na poda, na sikuona sababu ya kulalamika. Mwaka huu, nilipomaliza kulipa mkopo wa kazini, nilitaka kujua kwa ngozi yangu mwenyewe kile ambacho wanawake wanaolipa mara ishirini ya bei hiyo wanakipata. Nilimtumia dada shilingi 780,000 nikamwomba aninunulie vitu vya aina tatu: rangi za mdomo, brashi, na vitu vya kusafishia uso.

Alinitumia lipstiki mbili za kijiti, Rouge Dior namba 999 na Ruby Woo ya MAC. Penseli ya mdomo ya MAC iitwayo Chestnut. Lipstiki moja ya maji ambayo kikasha chake kilitangaza kwamba haitoki hata mtu akila na kunywa. Brashi tatu za Kijapani. Jeli ya kuoshea uso inayotoa povu. Na chupa ya mafuta ya kusafishia uso.

Nilivipanga kitandani usiku ule na nikaona haya.

Neno lililonijia lilikuwa israfu. Fedha ile ingelipa ada ya muhula ya mtoto ninayemfahamu kwa jina. Sikuvirudisha, kwa kuwa nilikuwa nimejiwekea ahadi hiyo kwa miaka minne ya makato, lakini haya ile ilinifanya niamue kwamba, kama nimelipa, basi nitavijaribu kwa uangalifu, kila kitu kwa siku zake, na nitaandika kwenye daftari nilichokiona. Makala haya yametoka kwenye daftari hilo.

Mgongo wa mkono na mdomo

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba nilikuwa nimejaribu rangi mahali pasipofaa maisha yangu yote. Dukani tunachora mstari kwenye mgongo wa mkono au upande wa ndani wa kifundo cha mkono, tunautazama chini ya taa nyeupe, tunalipa. Upande wa ndani wa kifundo changu ni mweupe kuliko uso wangu, na uso wangu haufanani kabisa na midomo yangu. Mdomo wangu wa juu ni kahawia iliyokolea, karibu nyeusi kwenye kingo. Wa chini una wekundu katikati. Rangi moja ikipita juu ya midomo hiyo miwili inakuwa rangi mbili, na wengi wetu tunaijua hali hii bila kuipa jina. Ndiyo maana tunapaka mdomo wa juu mara mbili zaidi, tukilazimisha ulingane na wa chini.

Siku hizi ninajaribu kwenye ncha ya kidole, ambayo kwangu iko karibu zaidi na rangi ya mdomo, kisha ninatoka nje ya duka na kuitazama juani. (Kijiti cha majaribio cha dukani sikigusishi mdomo hata nikihakikishiwa usafi wake. Vidonda vya homa ya mdomo husambaa kwa njia hiyo hiyo.)

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini kinachozishinda lipstiki nyingi za bei ndogo kwenye midomo yetu. Rangi za waridi na za urujuani mwepesi hupatikana kwa kuchanganya rangi kali na unga mweupe wa titani. Kwenye mdomo mweupe unga ule unasomeka kama wepesi wa rangi. Kwenye mdomo wangu unakaa juu kama vumbi, na uso wote unaonekana umepauka. Rouge Dior 999, ambayo ukoo wake wa lipstiki ulianza mwaka 1953, ni nyekundu isiyo na vumbi hilo. Ruby Woo ni nyekundu pia, ila ina ubuluu ndani yake na ni kavu, kwa hiyo ninaanza kwa kulainisha mdomo kwanza, na ubuluu ule hufanya meno yaonekane meupe zaidi. Zote mbili zilifunika mdomo wa juu kwa mpako mmoja. Niliirudia sentensi hii kwenye daftari mara tatu, kwa siku tofauti: mpako mmoja. Lipstiki yangu ya Kariakoo ilihitaji mipako minne, na kufikia wa nne nilikuwa nimebeba nta nzito inayoteleza nje ya mstari kila nikicheka.

Ndani ya kijiti hakuna siri kubwa. Ni nta, mara nyingi ya nyuki au ya mimea, mafuta, ambayo ya kale na ya kawaida zaidi ni ya nyonyo, na chembe za rangi. Bei kubwa inanunua mambo kadhaa, likiwamo jina na kikasha, lakini ninaamini sasa kwamba inanunua pia wingi wa chembe za rangi na usagaji wake. Joto la Dar es Salaam lilinipa kipimo kingine. Niliviacha vijiti vyote kwenye dirisha la sebuleni mchana mmoja wa Februari, na lipstiki ya shilingi 3,000 ikatoa jasho, vitone vidogo vya mafuta juu ya kijiti, kisha ikainama. Zile mbili zilitoa jasho kidogo tu na zikabaki zimesimama.

Ilinibidi pia kuanza kusoma vikasha. Wekundu mwingine hutokana na wadudu wadogo waishio kwenye mpungate, ambao hukaushwa na kusagwa, na Peru ndiyo inayoongoza kwa kuwazalisha. Kwenye orodha ya viambato utaiona namba CI 75470. Kwa mtu anayejali kinachoingia tumboni mwake, na lipstiki huingia tumboni siku nzima, namba hiyo inafaa kuijua kabla ya kulipa.

Nimesikia watu wakisema kwamba kampuni kubwa hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa muda mrefu walikuwa sahihi. Fenty Beauty, kampuni ya vipodozi ya mwimbaji Rihanna, ilipoingia sokoni Septemba 2017 na vivuli 40 vya fandesheni, ile rangi ya kupaka uso mzima, ilionekana wazi jinsi rafu za wengine zilivyokuwa zimeishia njiani kabla ya kufika kwenye ngozi zetu. Mei 2022 kampuni hiyo ilianza kuuza rasmi katika nchi nane za Afrika, Kenya ikiwamo. Tanzania haikuwamo katika zile nane, ndiyo maana mwaka ule mashoga zangu waliagiza kwa ndugu walioko Nairobi, kama mimi nilivyoagiza Maskati.

Inayokaa na inayoaga

Nirudi kwenye lipstiki ya maji, ile ya bomba la uani.

Sitaitaja jina, kwa sababu ilifanya hasa ilichoahidi. Inapakwa kama rangi ya kucha, majimaji, na ndani ya dakika moja kiyeyushi chepesi kilichomo huruka hewani na kuacha utando wa silikoni uliokamata chembe za rangi. Utando huo hauna udugu na maji. Chai haiutoi, mchuzi mwepesi hauutoi, sabuni ya mche haiutoi. Mafuta ndiyo yanayoulegeza, na ndiyo maana chips zilizokaangwa zilinichubua katikati ya mdomo siku ya pili ya majaribio huku nta ya Ruby Woo, ambayo nilitarajia itakuwa ya kwanza kushindwa, ikiwa bado inaonekana kwenye kingo.

Kwa wiki mbili nilihesabu saa. Niliandika: saa nane, saa tisa, saa kumi na moja bila kurudia. Nilikuwa naipima kama inavyojipima yenyewe, na kila siku ilipata alama za juu. Kisha jioni moja nilikuwa nimesimama bafuni kabla ya magharibi, nimeshika pamba, mdomo umechubuka kwa sugua ya tatu ya siku hiyo, na nikajiuliza ni nani aliyeniambia kwamba kukaa saa kumi na moja ni sifa.

Siku yangu haina saa kumi na moja.

Siku yangu imekatwa na adhuhuri, alasiri, magharibi na isha, na kati ya adhuhuri na alasiri kuna chakula cha mchana. Tuliyoyasoma madrasa ni mepesi kuyakumbuka: kwa wanavyuoni wa Kishafi, ambao ndio wengi wetu wa pwani tunawafuata, wekundu wa midomo unaoonekana mdomo ukifungwa ni sehemu ya uso, na uso lazima ufikiwe na maji. Hina haina tatizo, kwa kuwa inaacha rangi tu na haina mwili. Chenye mwili, kama rangi ya kucha, ni kizuizi. Utando wa silikoni una mwili. Niliuona ukijikunja kwa macho yangu pale kwenye bomba la uani. Ninafahamu wanawake wanaopaka baada ya kutia udhu na kujilinda nao mpaka sala inayofuata, na wengine wanaopaka siku ambazo hawasali. Kila mmoja ana njia yake, na siandiki kumhukumu yeyote. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimenunua kitu kilichobuniwa kwa siku ya mtu mwingine, kisha nikawa ninaulaumu mdomo wangu kwa kuchubuka.

Ukurasa uliofuata wa daftari nilibadilisha kipimo. Nilifuta safu ya saa nikaandika maswali mawili: inatoka kwa muda gani, na inaacha mdomo katika hali gani. Rouge Dior ilitoka kwa dakika moja na nusu na mdomo ukabaki laini. Ruby Woo ilichukua dakika tatu na ikaacha kivuli cha wekundu kwenye mikunjo, kivuli tu, bila mwili. Lipstiki ya maji ilichukua dakika nane na mafuta mengi. Orodha yangu ya ubora ilipinduka juu chini.

Manyoya ya mbuzi

Kwa brashi sikuwa na hamu kubwa. Kidole kilinitosha, na mpambaji wa maharusi wa mtaani kwetu, ambaye mikono yake naiheshimu sana, anafanya nusu ya kazi yake kwa sifongo na kidole cha kati. Brashi nilizowahi kuwa nazo zilikuwa zile zinazouzwa kumi na mbili kwa mkoba mmoja, zikichoma shavu na kuacha nywele nyeusi juu ya poda, mpaka unajikuta unaokota nywele usoni kama mtu anayechambua mchele.

Brashi ya poda iliyotoka Maskati ilitengenezwa Kumano, mji mdogo katika mkoa wa Hiroshima, ambako hutengenezwa sehemu kubwa mno ya brashi zote za Japani. Asilimia 80 ndiyo hesabu inayotajwa siku zote. Walianza na brashi za kuandikia kwa wino, na za mekapu zikafuata. Mwaka 2011, timu ya taifa ya wanawake ya Japani ilipotwaa Kombe la Dunia la soka, serikali yao iliwatunuku wachezaji, na zawadi waliyopewa ilikuwa brashi za mekapu za Kumano. Nililipenda jambo hilo, kwamba taifa lilitazama mikono ya mafundi wake na kuona hiyo ndiyo zawadi ya heshima.

Nilipoiweka juani niliiona tofauti. Kila unywele umekonda kuelekea ncha na kuishia kama mwiba laini, kama unywele ulivyoota kwa mnyama. Brashi zangu za zamani zilikuwa zimekatwa kwa mkasi ili kuleta umbo la duara, na kila unywele ulikuwa na kichwa butu; huo ndio mchomo niliokuwa nausikia shavuni. Mafundi wa Kumano hawakati ncha. Huzipanga nywele ndani ya kikombe cha mbao chenye umbo linalotakiwa, wakigonga taratibu mpaka ncha zikae zenyewe, na kama kuna cha kukatwa kinakatwa upande wa mizizi, unaofichwa ndani ya kola ya chuma.

Nilikosea mara moja. Baada ya kuiosha niliisimamisha kwenye kikombe, nywele juu, kama tunavyoweka miswaki. Maji yakashuka ndani ya kola, na baada ya siku mbili nywele saba zikatoka. Niliumia moyo kuliko nilivyotarajia. Tangu hapo ninailaza ukingoni mwa meza, kichwa kikielea, na haijatoa tena hata unywele mmoja.

Brashi iliyogeuza mambo ilikuwa ndogo kuliko zote: ya mdomo, bapa, pana kama ukucha wa kidole cha mwisho, yenye nywele za kutengenezwa kiwandani kwa sababu manyoya ya mbuzi yanafaa poda lakini hunywa nta na mafuta. Mwanzoni niliiona kama pambo la ziada. Kwa nini nichukue rangi kutoka kwenye kijiti, niipeleke kwenye brashi, kisha mdomoni, wakati kijiti chenyewe kinafika? Nilipoijaribu na Rouge Dior niliona jibu. Kijiti kinaweka tabaka. Brashi inasambaza. Kiasi cha rangi kinachochukuliwa na mguso mmoja wa brashi kilitosha midomo yote miwili, kikaingia kwenye mikunjo na kwenye pembe ambazo kijiti huziruka, na nilipobana kipande cha tishu kati ya midomo, kilichobaki kilikuwa rangi nzito kwa macho lakini nyembamba mno kwa ulimi. Jioni ile ilitoka kwa sekunde thelathini.

Nikaandika: kijiti kinachokolea, kikipakwa kwa brashi, kinahitaji kidogo; kinachohitaji kidogo kinaondoka upesi. Niliizungushia duara.

Tone la maji

Nilidhani vitu vya kusafishia ndivyo vitakavyokuwa sehemu fupi ya jaribio. Ukinawa umenawa. Ndivyo nilivyoamini.

Jeli ya povu, ambayo pia siitaji, ilikuwa na harufu nzuri na povu kama la sabuni ya kufulia, na niliipenda kwa siku nne. Siku ya tano ngozi ya mashavu ilianza kukaza kila nikikauka, ile hali ambayo tulilelewa kuiita usafi. Siku ya tisa pembeni mwa pua palikuwa na magamba. Nilisoma, nikauliza mfamasia mmoja, na nikapata maelezo yanayoeleweka: uso una utando wake mwembamba wenye uchachu kidogo, pH yake (kipimo ambacho namba ikipanda uchachu hupungua) karibu 5, na sabuni ya kawaida ya kipande iko kati ya 9 na 10. Kitu kinachoondoa kila mafuta huondoa na mafuta ya mwenyewe. Sitaki kusema kwamba jeli zote za povu ni mbaya, kwani nyingi hutengenezwa zikiwa na pH ya chini. Yangu haikuandika yake popote, na bei yake haikunisaidia kuijua.

Nikarudi kwenye mafuta ya nazi ya mama mdogo. Kwa wiki nzima niliondoa rangi kwa mafuta ya nazi peke yake, nikifurahia kwamba jibu lilikuwa jikoni kwetu siku zote. Lakini kuna kitu kilinisumbua. Nikinawa baada yake, maji yalikuwa yanakwepa. Siku moja niliketi na kijiko cha chai na kuitazama ngozi yangu kwa makini. Nilipaka mafuta ya nazi kwenye mgongo wa mkono, nikapangusa kwa pamba, nikasuuza, kisha nikadondosha tone moja la maji. Tone lilikaa duara, limeinuka, linang'aa, kama tone juu ya jani la myugwa. Nilipouinamisha mkono liliviringika likaanguka bila kuacha unyevu.

Kisha nikajaribu yale mafuta ya kusafishia uso ya kwenye chupa. Kwa mguso ni mafuta, na rangi iliyeyuka ndani yake vilevile. Nilipoongeza maji kidogo na kusugua, yalibadilika palepale yakawa meupe kama tui la pili. Nilisuuza, nikadondosha tone. Lilitandaa. Lilifunguka juu ya ngozi na kuingia kwenye kila mstari mdogo wa mgongo wa mkono, mpaka sikuweza tena kusema ni wapi linaanzia.

Nilibaki nimekaa na kijiko mkononi kwa muda mrefu.

Tofauti ya vitu vile viwili ni viambato vinavyoshika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili, vikaondoka na vyote. Wajapani wamekuwa wakiuza mafuta ya namna hii kwa miaka mingi. Yale ya kampuni ya Shu Uemura yanahesabu umri wake tangu 1967. Ninafahamu kwamba wanavyuoni hawahesabu mafuta mepesi kuwa kizuizi cha udhu hata maji yakiviringika juu yake, kwa hiyo jaribio langu halikuwa la fiqhi, yaani la hukumu za dini. Lilikuwa la ngozi. Uso unaobaki na mafuta ya nazi usiku kucha katika joto letu huziba vinyweleo, na kidevu changu kilishaanza kunionyesha hivyo.

Hapa ndipo nilipofika mahali ambapo bei ilipoteza nguvu. Nilipokuwa katikati ya chupa nilinunua nyingine ya bei ya chini mara tano, nikalinganisha viambato vikuu na kurudia jaribio la tone kwa mikono miwili kwa wakati mmoja. Matone yote mawili yalitandaa. Kitu hiki kinakaa usoni dakika moja kisha kinaenda na maji kwenye shimo la bafu. Sitailipia tena bei ile. Brashi nitailipia, kwa kuwa nikiilaza vizuri nitakuwa nayo miaka kumi ijayo. Lipstiki nitailipia moja, si tatu.

Safari ya pili ya Tanga

Kwa wiki zote hizo nilikuwa nimelibeba swali la mama mdogo kama karipio. Nililisikia kila nilipofungua mkoba: mwanamke mzima, harusini, umejipaka kitu kinachokuzuilia sala. Nusu ya bidii ya daftari langu, nikiwa mkweli, ilikuwa ni kutafuta namna ya kujitetea mbele yake.

Nilikwenda Tanga mwisho wa mwezi. Baada ya shikamoo na chai, nilimweleza yote, mpaka tone na kijiko. Alinisikiliza akichambua mchicha. Nilipomaliza nikamwambia kwamba jibu la swali lake ni hapana, kwa rangi ile maji hayafiki, na kwamba sitaipaka tena.

Alishangaa.

"Mimi nilikuwa nauliza," alisema. "Nilitaka kujua. Nilifikiri siku hizi wametengeneza ambayo maji yanapita, nami ninunue."

Hadithi yake ikatoka polepole, huku mikono ikiendelea na mchicha. Kabla hajaolewa, miaka ya mwanzo ya tisini, walikuwa wakizungushia midomo kwa penseli nyeusi ya wanja, kisha katikati wanapaka vaselini, na rangi mbili zile wanazichanganya kwa kidole. Aliacha alipoanza kufundisha watoto madrasa, kwa sababu kila sala ilikuwa ni kusugua, na kila kusugua mdomo unauma, na akaona bora aache kabisa. Hakuna aliyemkataza. Kwa miaka yote ambayo nimemfahamu, nilidhani mdomo wake usio na rangi ulikuwa ni msimamo.

Baada ya isha nilifungua mkoba mkekani, chini ya taa. Niliweka brashi za Kumano mbele kwa kuwa nilizionea fahari, na akataka kwanza kujua ni manyoya ya mnyama gani, isije ikawa nguruwe. Nilimwambia mbuzi, akazigusisha shavuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akazirudisha. Rouge Dior aliigeuza geuza, akasema, "Hii ni yako." Ruby Woo hakuigusa.

Aliichukua penseli, ile ya kahawia nzito, kitu cha bei ya chini kuliko karibu vyote vilivyokuwa mle na ambacho mimi nilikuwa nimekitumia mara mbili tu. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akachora mdomo wa juu kwa pigo mbili kutoka katikati, bila kusita, mkono ukijua njia. Kisha wa chini. Akaniomba vaselini, akaipaka katikati kwa kidole cha pete, akabana midomo.

Alikaa hivyo, amejigeuza kidogo upande wa taa, kisha akaitazama ncha ya penseli iliyokuwa imebutuka.

"Kichongeo chake kiko wapi?" akauliza.